Nyumba ya Desemba

Sisi wa Machame, chini ya Mlima Kilimanjaro, tuna ugonjwa mmoja ambao hospitali hawaupimi: kujenga nyumbani. Unaweza kupanga vyumba viwili Dar es Salaam miaka ishirini, mwenye nyumba anakufokea kila siku kwa ajili ya maji, lakini kule kihambani, kwenye shamba la migomba walikozikwa babu zako, lazima isimame nyumba ambayo wapita njia watauliza ni ya nani. Huishi humo. Unakuja siku kumi za Krismasi, unachinja mbuzi, unapiga picha barazani, unafunga mlango.

Ya kwetu tulimjengea mama. Ndivyo tulivyosema, na nadhani tuliamini. Ramani tuliipanga Desemba, kaka yangu mkubwa na mimi, tumekaa uani na mashati ya mikono mifupi, jua linawaka na mlima umejianika wote. Kaka alisema madirisha yawe makubwa ili mlima uonekane ukiwa sebuleni. Mimi nikataka vigae vyeupe vya kung'aa. Dari tukaipandisha juu kama ya kanisa. Fundi, mtu wa hukohuko, aliuliza mara moja tu, "Na Julai itakuwaje?" Tukamwambia ajenge.

Julai ya Machame ukiwa Dar unaisikia kama hadithi. Ukungu unaingia mgombani asubuhi na hauna haraka ya kutoka. Manyunyu hayanyeshi ukasema ni mvua, wala hayakatiki. Ukifua nguo Jumatatu, Jumapili unakwenda ibadani na nyingine. Kila ilipofika Juni, kwenye kundi letu la familia la WhatsApp, tuligeuka madaktari. "Mama avae soksi," kaka aliandika, naye najua alikuwa na singlendi mbele ya feni. Mimi nikatuma video ya tangawizi, limau na asali. Mama ana simu ya tochi. Video zile tulizipokea sisi wenyewe, tukapongezana.

Mwaka wa tatu tangu nyumba iishe nilipata safari ya kikazi Moshi mjini, katikati ya Julai, nikapanda nyumbani bila kupiga simu. Nyumba ilikuwa imefungwa. Nilichungulia dirishani, makochi bado yamevaa nailoni zake za dukani. Moshi ulikuwa unafuka nyuma, kwenye jiko la zamani la mbao, lile tulilopanga kulibomoa kwa kuwa linatia aibu. Humo ndimo nilimomkuta mama, na kitanda chake, Biblia yake, sufuria ya mtori wa ndizi mafigani, na upande wa pili wa ukuta wa mbao, ng'ombe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona hukusema unakuja?" Akainuka haraka kutafuta funguo. "Ningehamia."

Ningehamia! Ndipo nilipoelewa. Miaka yote ile, kila tulipotoa taarifa ya kuja, mama alibeba godoro lake akavuka uani, akaenda kutupokea sebuleni kama mhudumu wa hoteli.

"Kule kuna baridi, mwanangu. Miguu inakufa," alisema. Akamwelekezea kidole ng'ombe. "Huyu akipumua, ukuta unapata joto."

Alikuwa anakohoa. Nikampigia kaka. Kaka hakuuliza habari za kikohozi. Aliuliza, "Kuna mtu amemwona analala na ng'ombe?" Na mimi, msomi mzima, mtuma video, nikaona ana hoja. Nilimwambia mama kwamba moshi wa kuni unamharibu kifua, na ni kweli unaharibu, lakini sikuwa nawaza moshi. Nilikuwa nawaza washarika wenzake wa kanisani wakija kumjulia hali. Nikamhamishia nyumba kubwa, nikamnunulia hita ya umeme mjini, nikarudi Dar nimeridhika kama mtu aliyeponya.

Umeme ulikatika siku ya pili. Mama hakurudi jikoni, kwa sababu mwanawe alikuwa amesema. Wiki haikuisha, jirani akanipigia simu: mama amepelekwa hospitali, nimonia.

Daktari alikuwa kijana, na alituuliza anapolala mgonjwa. Kaka akafungua simu, akamwonyesha picha ya nyumba, ile iliyopigwa na mlima nyuma. Daktari aliitazama vizuri.

"Nyumba nzuri," alisema. "Sasa mtafutieni mahali pa kulala. Pasiwe na moshi, pasiwe na baridi. Kifua hiki hakitabeba Julai nyingine ya namna hii."

Niliogopa. Nilikaa kwenye benchi la korido nikasikiliza mama anavyovuta pumzi, na niliona aibu kubwa kuliko hata ile niliyokuwa naikimbia.

Alipotoka tukajenga chumba kimoja ubavuni mwa zizi. Sakafu ya mbao, dari unayoigusa kwa mkono, dirisha dogo, na jiko lenye dohani ya bati inayotoa moshi wote nje. Ukuta mmoja unapakana na ng'ombe, kwa sharti la mama. Fundi alikuwa yuleyule, ila safari hii tulimuuliza yeye. Kaka alinung'unika kwamba kibanda kinaharibu sura ya nyumba, akapanda maua mbele yake kukificha. Julai iliyofuata mama alipiga chafya mara mbili, na zote mbili, alivyosema mwenyewe, zilikuwa za ugoro.

Desemba tukaja wote na magari na watoto na mbuzi. Kaka alimfuata mama chumbani kwake, mimi nikiwa mlangoni, akamwomba kwa upole ahamie nyumba kubwa kwa siku hizi chache tu. Kuna wageni wanakuja, alisema, na watu wataona tumemtupa uani.

Mama alifungua pindo la kitenge, akatoa funguo, akamwekea kiganjani.

"Wageni ni nyie," alisema. "Nyumba yenu hiyo. Nimeshawafagilia."

Kisha akatuuliza, kwa adabu ileile anayowauliza wageni wote, tunaondoka lini.