Sufuria ya Dang'a

Siku ile naikumbuka, mwanangu, hata harufu ya sufuria bado ninayo puani. Nilikuwa na miezi minne tu tangu niolewe hapa Ngulyati. Nilitoka Malampaka, nyumba ya tatu kutoka stesheni, ambako baba yangu aliwauzia mchele abiria wa treni. Sisi tulikuwa watu wa mpunga. Ng'ombe niliwaona, maana nani amezaliwa Usukumani asione ng'ombe? Lakini niliwaona wakipita. Chuchu ya ng'ombe sikuwahi kuishika.

Sasa sikia uongo unavyoingia nyumbani kwa watu, tena bila kubisha hodi. Wiki ya kwanza tu ya ndoa, mama mkwe wangu, Mayu Nkwimba, yaani Mama Nkwimba, alinishika mkono, akaangalia vidole vyangu, akaniuliza, "Kabula, kukamua unajua?"

Nikamjibu, "Najua, mayu."

Yaani hata sikumeza mate! Niliona aibu, mwanangu. Mke wa Kisukuma asiyejua kukamua? Mawifi zangu wangenicheka, na kicheko kingefika Bariadi mjini kabla ya basi la asubuhi. Nikajiambia nitajifunza kimyakimya, nitawaangalia wenzangu. Kumbe ukishasema "najua", umeshafunga mlango, nani tena atakufundisha?

Nyumba ile ilikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, chotara mweupe mwenye madoa ya kijivu, jina lake Mawingu. Wale wa kienyeji walichungwa na mashemeji huko mbali, lakini Mawingu alikaa hapahapa uani, analetewa majani na pumba, na chai ya nyumba nzima ilimtegemea yeye. Nilipoolewa alikuwa amekauka maziwa, ana mimba ya nne. Mimba tatu za kwanza zote alizaa madume! Wahenga walisema ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume, na mama mkwe alikuwa akiisema methali hiyo huku anamkuna Mawingu shingoni kama anamtania. Lakini haukuwa utani. Mawingu alikuwa amezeeka, meno yameisha. Asipopata jike safari hii, basi akifa yeye tumebaki na kamba.

Mama mkwe alipanga kwenda Bariadi kununua dawa ya kupe. Asubuhi, tumeshaamkiana "Mwangaluka", akaniambia pale mlangoni, "Mawingu yuko karibu. Akizaa mimi sipo, unajua la kufanya."

"Najua, mayu."

Mara ya pili hiyo. Unahesabu lakini?

Basi hata haijatimia saa moja tangu aondoke, Mawingu akalala, akanyanyuka, akalala tena. Mume wangu Mabula alikuwa shambani kwenye pamba, mbali. Nikabaki mimi na ng'ombe! Zikatoka kwato, ikatoka pua, halafu puu, ndama huyo hapo kwenye majani, mweupe pepe! Nikainua mkia, nikaangalia. Jike! Mwanangu, nilipiga kigelegele peke yangu uani, kuku wakatimka. Jike! Nilicheza, nakuambia, nilicheza bila ngoma.

Na hapo ndipo furaha ilipokula akili. Juu ya ng'ombe kuzaa mimi nilijua jambo moja tu: dang'a. Yale maziwa ya kwanza, mazito, ya njano. Nilipokuwa mtoto jirani yetu mmoja alituletea yamepikwa, yameganda kama mayai, matamu mpaka unalamba vidole. Nikasema leo ndiyo leo. Mama mkwe akirudi akute mkamwana wake amekamua, amepika, amewalisha majirani, na sifa ya nyumba imepanda.

Nikambeba ndama nikamlaza jikoni, eti jua lisimchome. Nikachukua ndoo, nikamwendea Mawingu. Chuchu zilikuwa zinadondosha zenyewe, sasa hapo nani asingejiona fundi? Nilivuta tu huku na huku, akanirushia teke moja la adabu, nikasogea, nikavuta tena. Nikamaliza zote nne. Nikabandika sufuria kubwa, ile ya msiba na harusi.

Majirani wakaja, na wa kwanza Mama Shija, mama wa watoto saba, mwenye sauti ya kengele ya kanisa. Wakala. Wakasifu! "Mabula kaoa!" "Huyu wa Malampaka ana mikono!" Mimi kichwa kimevimba hakiingii mlangoni. Mama Shija akiwa kwenye sahani ya pili akaniuliza, "Ndama kashanyonya?"

Nikasema, "Kashanyonya, kashiba, kalala."

Mara ya tatu. Tena hii ilikuwa mbaya kuliko zile mbili, kwa sababu sikuwa hata nimefikiri. Nilidhani ndama atanyonya jioni, atanyonya kesho, maziwa si yatakuja mengine?

Mama mkwe alirudi jua likiwa bado juu ya miti. Alisikia habari njiani, akaja anakaribia kukimbia, mama mtu mzima yule, kitenge kinamdondoka. "Jike?" "Jike, mayu!" Akanikumbatia. Akaingia jikoni.

Nikamfuata. Ndama alikuwa amejinyoosha chini. Mama mkwe alikuwa amemshika sikio. "Kabula, njoo ushike," akasema. Nikashika. Lilikuwa baridi. Akaangalia sufuria, ukoko wa njano umeganda pembeni. Akaniuliza polepole, "Ninyi mmekula. Huyu amekula nini?"

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia pale, kwenye majivu ya jiko. Nikaanguka magoti, nikasema, "Mayu, sijui kukamua. Sikuwahi kujua. Sijui chochote cha ng'ombe."

Hakunipiga. Alisema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Hiyo 'sijui' yako ingekuwa ya wiki ya kwanza, ningekufundisha huku nacheka. Umeichelewesha, sasa nakufundisha huku nalia." Na kweli alikuwa analia. Kisha akafuta uso kwa kitenge akasema, "Maziwa ya kesho hayafanyi kazi ya dang'a. Ndama asipoipata leo, hana kinga, ataondoka na homa ya kwanza. Ng'ombe wa Mama Shija kazaa jana jioni. Kimbia. Na umwambie kwa nini."

Hapo "umwambie kwa nini" ndipo palipokuwa na pilipili. Nilikimbia na kopo, machozi na kamasi. Nikamkuta Mama Shija kakaa kibarazani, kashiba dang'a yangu. Nikamweleza yote. Aliruka, akapiga makofi, "Ee Mungu wangu! Kumbe nimekula cha mtoto!" Alinitukana, mwanangu, alinitukana kutoka kibarazani mpaka zizini, na huku anatukana anakamua, mikono inakwenda mbio. Kopo likajaa. Akalibeba mwenyewe, akaniambia mimi nitamwaga.

Mama mkwe akanikalisha chini, kichwa cha ndama mapajani mwangu. "Chovya kidole. Mtie mdomoni." Nikachovya. Ulimi ule ulikuwa baridi, haufanyi chochote. Nikachovya tena. Tukamsugua kwa gunia, Mama Shija huku, mama mkwe kule. Sijui nilichovya mara ngapi. Halafu nikasikia ulimi umezunguka kidole changu, ukavuta! Nikapiga kelele, "Anavuta! Mayu, anavuta!" Mama Shija akapiga kigelegele na kopo mkononi. Tulimnywesha kidogokidogo mpaka kopo likaisha, kisha mama mkwe akamkamua Mawingu kile kidogo kilichorudi, tukamnywesha nacho. Mabula aliporudi kutoka shambani alikuta wanawake watatu wamekaa kwenye majivu wanamwimbia ndama.

Asubuhi yake alisimama. Miguu inatetemeka, lakini alisimama, akaenda mwenyewe kwa mama yake, akapiga kichwa kwenye kiwele kama mwenye nyumba. Mama mkwe akatoa jina papo hapo: "Huyu anaitwa Dang'a." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Lo! Miaka yote ya yule ng'ombe nilikuwa nikimwita zizini kwa sauti, "Dang'aa!" na Mama Shija ananijibu ng'ambo ya ua, "Nimeshiba, Kabula!"

Kukamua nilifundishwa wiki ileile, mbele ya mawifi wote. Walicheka siku mbili. Siku mbili tu, mwanangu! Kumbe kicheko nilichokiogopa miezi minne kilikuwa cha siku mbili.

Kwa nini nakusimulia leo? Kwa sababu leo asubuhi simu imelia. Ni Milembe, mke wa kitinda mimba wangu, binti wa mjini, ameolewa juzijuzi na wanakaa Migato. Harusini niliwapa mtamba mwenye mimba, kitukuu cha Dang'a. Ananiambia anahema, "Mama, shikamoo, kazaa! Jike! Mume wangu hayupo. Lakini mama, mimi sijui. Sijui hata naanzia wapi."

Nilikaa chini, mwanangu. Machozi yalinitoka yenyewe nikiwa nacheka. Hilo "sijui" lake, lililotoka mapema namna hiyo, ni zuri kuliko jike lenyewe! Nikamshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mwanangu, wabeja sana. Msogeze ndama kwa mama yake. Anyonye mpaka ageuke mwenyewe. Sufuria iache ukutani, mimi nakuja." Bodaboda nimeshampigia, yuko njiani, na viatu nimevaa.

Basi shika hili wewe unayetaka ng'ombe wa maziwa nyumbani. Ndama kwanza, sufuria baadaye. Dang'a ya siku ya kwanza ni yake, saa zilezile za kuzaliwa. Akishashiba na ikabaki, pika, waite majirani, na mimi niite. Hata maziwa yakishasafika yakawa meupe, muachie chake, maana ukimkamua ndama wa leo umekamua ng'ombe wa kesho. Na usilolijua liulize likiwa bado dogo. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni ule wangu, wa kudanganya mara tatu badala ya kusema sijui.

Mungu akupe zizi lenye majike, na kibuyu kisichokauka. Akupe mama mkwe anayelia na wewe, na jirani anayekutukana huku anakukamulia. Na siku ng'ombe wako akizaa, sikio la ndama wako ulishike likiwa na joto.