Buluu ya Msimamizi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa gauni la kwendea kanisani. Aliyenishauri hivyo simkumbuki, lakini kabla ya chai ya asubuhi gauni lilikuwa limejaa thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, na unga wa filla, na kanisani halikurudi tena. Karakana ilikuwa hapa Voi, mali ya kampuni ya malori, na upande wa rangi mwanamke nilikuwa peke yangu. Wenzangu walidhani nimekuja kupika chai. Bosi wangu alikuwa Msimamizi wa Rangi, mtu wa Bura kama mimi, mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi. Tulimwita Msimamizi tu, na hata leo nikijaribu kumwita jina lake ulimi unakataa.

Alinipeleka kwenye mlango wa lori uliokuwa umelazwa juu ya meza. Mlango huo ulikuwa umebonyea, ukanyooshwa kwa nyundo, kisha ukapakwa filla, yaani ule ujiuji mzito unaojaza mabonde na kukauka kama jiwe.

"Funga macho," akaniambia.

"Nifunge macho, Mzee?"

"Jicho litakudanganya. Pitisha mkono, uniambie bonde limebaki wapi."

Nikapitisha mkono, nikasema hakuna bonde. Akanishika kidole cha kati na kukiweka mahali. Lilikuwepo. Siku nzima sikufanya kingine ila kusugua mlango ule kwa msasa na maji, na kila nikidhani nimemaliza alikuja, akapitisha mkono, akaondoka. Nilimchukia siku hiyo, nawaambia ukweli. Jioni alipita mara ya mwisho, akasema, "Kesho njoo na nguo za kazi," nikajua nimechukuliwa.

Nyinyi vijana mnaopaka magari leo mna vyumba vilivyofungwa na feni za kuvuta vumbi. Sisi tulikuwa na ukuta mmoja, paa la mabati, na vumbi jekundu la Voi ambalo linaingia hata kwenye sukari. Tulipiga rangi alfajiri kabla upepo haujaamka kule mbugani, na kwanza tulimwagia sakafu maji ili vumbi lilale. Mdudu akitua kwenye rangi mbichi hukumgusa. Ulimwacha afe hapo, rangi ikauke, ndipo umtoe kwa msasa mwembamba. Msimamizi alikuwa akisema mashine ya kung'arishia haina huruma na haijui rangi inaishia wapi, kwa hiyo wewe ndiwe ujue. Alilisema hilo mara nyingi mpaka tukawa tunamwiga nyuma ya mgongo wake.

Wakati huo alikuwa na gari lake, na hadithi yenyewe ni ya gari hilo. Lilikuwa gari la michezo la Kijapani, milango miwili, la chini kiasi kwamba ukitaka kuingia lazima ujikunje. Lilikuja nchini likiwa tayari limetumika, likagonga punda milia upande wa Maungu, na mwenyewe akalikatia tamaa. Msimamizi akalichukua kama chuma chakavu. Kila Jumapili baada ya ibada alilinyoosha nyumbani kwake Bura, kidogo kidogo, na siku ya kulipiga rangi aliniita nikamshikie mpira wa kompresa. Rangi yenyewe alikuwa ameichanganya kwa jicho, buluu ambayo sijaiona kwingine: kivulini ilikaribia weusi, na juani ikafunguka. Alichanganya nini na nini hakumwambia mtu. Nilimuuliza, akacheka tu.

Halafu Meneja wa Karakana akaniita ofisini.

"Wakesho, kuanzia Jumatatu chumba cha rangi ni chako. Msimamizi anakwenda tawi la Taveta."

"Ameomba?"

"Hakuna aliyeomba. Ni uamuzi wa juu. Kuna wateja wamelalamika kwamba kazi inachelewa, na wewe una mkono mwepesi."

Nilimwambia Meneja sikitaki kiti hicho. Akaniambia basi na mimi nitafute kazi kwingine. Nilikuwa na watoto wadogo, nikakipokea. Nilimkuta Msimamizi akifunga bunduki zake za rangi ndani ya gunia, moja moja, akizizungushia vitambaa. Nikamwambia sikwenda kwa Meneja kuomba kiti chake. Hakugeuka.

"Mimi nilikufundisha kufunga macho," akasema. "Kumbe wewe ulikuwa umeyafungua."

Tangu hapo hakunisalimu tena. Alifanya kazi Taveta mpaka akastaafu, akarudi Bura, na tukikutana kwenye mazishi alikaa upande wa pili wa turubai. Kwangu hakukanyaga. Wengine mtasema hilo ni jambo dogo, bosi kununa. Kwetu Udawidani, nchi yetu Wataita, hasira ya mtu mzima ikikaa moyoni haikai bure, inatoka na kushika watu. Mwanangu wa pili alipougua muda mrefu, mama yangu hakuniuliza habari za hospitali. Aliniuliza, "Yule mzee bado amekukasirikia?" Mimi ni mtu wa kanisa, na kitambaa cha umoja wa akina mama ninacho, lakini swali lile liliniingia nikaogopa. Mtoto alipona. Woga haukutoka.

Nilistaafu nikiwa nimekikalia kiti hicho miaka mingi, na hata siku moja sikukikalia vizuri. Hapa nyumbani Kaloleni, mtaa wa Voi, nilijenga kibanda cha mabati, na watu huniletea magari yao ya zamani niyasafishe na kuyarudishia sura. Siku moja likaja lori, na nyuma yake kimefungwa kwa kamba kitu kilichofunikwa turubai. Akashuka Mghoi, binti ya Msimamizi, mwalimu kule Bura.

"Anti, Baba amesema hili lije kwako."

Turubai likavutwa. Lile gari la Msimamizi lilikuwa limekaa bandani muda mrefu, kuku wakilala juu yake. Vumbi, kinyesi, magurudumu yameisha upepo. Lakini pembeni, mahali ambapo turubai lilikuwa limesugua, niliiona ile buluu.

"Amesema nini hasa? Niambie maneno yenyewe."

Mghoi akaangalia chini. "Amesema, mpelekee Wakesho. Akiichoma rangi yangu, nitajua. Anti, Baba haoni tena. Presha ya macho imemaliza yote mawili. Nimetaka litengenezwe akiwa hai, hata kama ni kulishika tu. Nitamleta wiki ijayo."

Sasa niwaeleze kwa nini nilikosa usingizi. Magari ya leo yana kilia, yaani tabaka angavu linalokaa juu ya rangi. Mkwaruzo ukiwa kwenye kilia, unasugua kilia na rangi yenyewe inabaki salama chini. Gari la Msimamizi halikuwa na kilia. Ukilisugua unaondoa rangi yenyewe, na rangi ikiisha unakutana na praima, ile rangi ya kijivu ya msingi iliyo chini yake, na huko ndiko tunakokuita kuchoma. Gari lingine ukilichoma unachanganya rangi na kulipiga upya. Hili nani angelichanganyia? Mwenye siri yake hakuwa na macho tena ya kuitafuta. Nikilichoma nimeimaliza kazi ya mikono yake, na nimempa sababu ya kufa na hasira yake.

Ndani hapakunisumbua. Viti vilihitaji sabuni na brashi, kutu iliyokuwa chini ya zulia la buti niliikwangua na kuipaka dawa, dashibodi niliifuta kwa kitambaa chenye unyevu. Kwa nje niliosha kwa maji mengi bila kusugua, ili mchanga uteremke wenyewe. Nikapitisha udongo laini wa kusafishia, ule unaofinyangwa kama unga wa chapati, unaong'oa uchafu ulionata. Ndipo nikaanza kompaundi, ile krimu ya kung'arishia, kwa mkono, na kitambaa kikawa buluu. Kila nikigeuza upande safi, buluu. Nilikuwa naifuta rangi ya Msimamizi na kuiona ikiondoka mikononi mwangu.

Milango ilikubali. Paa likakubali, hata mashine ndogo nikaipitisha kwa mwendo wa chini. Boneti niliiacha ya mwisho kwa sababu niliiogopa. Kinyesi cha kuku kilikuwa kimeila, na karibu na ukingo palikuwa na mkwaruzo mrefu, mtu aliegemeza jembe. Vijana wana kipimo kinachosoma unene wa rangi. Sina fahari, ningekuwa nacho ningekitumia. Nilichokuwa nacho ni kufunga macho na kupitisha kidole, na kidole kiliniambia kwamba pale ukingoni rangi ni nyembamba sana.

Madoa ya kuku yalififia. Nikauingia mkwaruzo kwa mkono, polepole, jasho likinidondoka kidevuni, na kwa kila mpito nilikitazama kitambaa. Buluu. Buluu. Buluu iliyopauka. Halafu kwenye mkunjo wa kitambaa nikaona kitu kama majivu. Nikauondoa mkono kana kwamba boneti ni sufuria ya moto.

Mghoi alikuwa amekuja kuangalia kazi, akainama pale. "Umebaki kidogo tu, anti. Mpito mmoja wa mashine si utaisha?"

"Utaisha."

"Basi?"

"Na rangi itaisha nao."

"Lakini Baba ataugusa. Atasema kazi haikumalizwa. Unamjua."

Alikuwa na haki. Msimamizi hakuwahi kupokea kazi yenye mkwaruzo, mimi mwenyewe nilirudishiwa milango kwa alama ndogo kuliko hiyo. Usiku nilijigeuza kitandani. Nikiuacha, atasema nimezembea kwenye gari lake. Nikiutoa, huenda nikafika kwa praima. Asubuhi niliiwasha mashine, nikaisogeza mpaka karibu na boneti, nikaisikiliza ikivuma. Nikaizima. Nikapaka nta gari zima, mkwaruzo ukiwa pale pale, nikasubiri kutukanwa.

Mghoi alimleta asubuhi ya Jumamosi. Msimamizi akashuka na fimbo, amekonda, shati limefungwa mpaka shingoni. Alipofika langoni pangu akasimama. Nilikuwa kibandani na kitambaa mkononi. Alisimama pale muda, mpaka Mghoi akaanza kumvuta mkono. Akautoa mkono wake.

"Mwenye nyumba yupo?"

"Nipo, Mzee. Karibu."

Akaingia. Sikumpa mkono, kwa kuwa sikujua kama angeupokea. Nilimwongoza kwa maneno mpaka kwenye gari. Akampa Mghoi fimbo, akaweka viganja vyote viwili juu ya paa, akaanza kuteremka: paa, mlango, kifuniko cha gurudumu. Vidole vyake vilipanda kwenye boneti, vikapita pale walipokuwa wakilala kuku, vikaenda ukingoni, vikasimama.

"Hapa ni jembe."

"Ndiyo, Mzee."

"Umeliacha."

"Nimeliacha."

"Mashine huna?"

"Ninayo."

"Kwa nini basi?"

"Kitambaa kilianza kuwa kijivu."

Akarudisha kidole, akapita juu ya mkwaruzo taratibu, akarudi tena. Mghoi aliniangalia, mimi nikaangalia chini.

"Ulifunga macho?"

"Nilifunga."

Kidole kikabaki pale pale. "Wakesho," akasema, na tangu siku ya lile gunia sikuwa nimelisikia jina langu mdomoni mwake. "Nani alikwenda kwa Meneja?"

"Sijui, Mzee. Mpaka leo sijui. Si mimi."

"Mkono wenye tamaa usingeuacha mkwaruzo huu," akasema, kama anayejiambia mwenyewe. Kisha akanyoosha kiganja. "Nipe maji."

Nilidhani ana kiu. Nikamletea kikombe. Akapiga funda, lakini hakumeza. Akainua kichwa na kuyapuliza maji yale juu ya boneti, manyunyu membamba kama yatokayo kwenye bunduki ya rangi iliyopimwa vizuri, na hapo nikatambua kwamba anatasa. Hivyo ndivyo wazee wetu walivyoitoa hasira: unaitamka wazi na kuipuliza nje na maji. Akasema kwa Kidawida, nami nawaandikia kwa Kiswahili: "Nilikuwa na hasira na huyu. Nimeitoa. Isikae kwangu, isikae kwake, isikae kwa watoto." Akapiga funda la pili, akapuliza tena. Nililia mbele ya Mghoi, wala sikujificha.

"Maji yamekaaje?" akauliza.

Nikapangusa macho, nikaangalia. "Yamejikunja vidonge, Mzee. Mengine yanateremka."

"Nta yako ni nzuri."

Ndiyo sifa pekee aliyonipa maishani. Alikunywa chai kwangu, akala na mihogo, akalalamika kwamba chai haina tangawizi. Amezikwa Bura, na kwenye mazishi hayo nilikaa na watu wa nyumbani.

Nimestaafu sasa hata hicho kibanda, mabega yamekataa, na mkiniuliza kazi hii imenipa nini nawarudisha kwenye siku ile ya maji. Nilikuwa na kitambaa kikavu mkononi, na kila fundi anajua kwamba maji ya Voi yana chumvi, yakikaukia juani kwenye rangi yanaacha alama. Maisha yangu yote sikuwahi kuyaacha yakauke. Siku ile niliyaacha. Alama ziko kwenye boneti mpaka leo, vidoa vyeupe juu ya ile buluu, na Mghoi ameniuliza kama zinaweza kutolewa. Nimemwambia zinatoka kwa siki na maji tu, kazi rahisi, na kwamba mimi asiniombe kuifanya.