Barua Kuhusu Komeo la Bwawa

Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, katika umri ambao wenzangu walikuwa wanaozesha mabinti. Insha yangu ya mwisho ilikuwa tamu mpaka mwalimu akalegeza tai. Kwa hiyo nilipopata kazi ya mapokezi kwenye hoteli ya mapumziko ya familia, huku chini ya Mlima Meru, haikupita wiki meneja akanikabidhi malalamiko yote ya wageni niyajibu.

Idi moja alikuja bibi kutoka Kaloleni na mjukuu wake, msichana wa miaka minne.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Komeo la geti la bwawa lenu halishiki. Huyu kalisukuma kwa tumbo, likafunguka."

Nikamsogezea daftari la maoni.

"Sitaki daftari. Nataka fundi."

"Bibi yangu, hapa kwetu hata fundi anaitwa kwa maandishi!"

Akacheka, nikamwandikia mwenyewe kwenye daftari. Walipoondoka nilikwenda kulitazama lile geti. Nililigusa kwa kidole kimoja tu, likafunguka.

Kisha nikakaa nikaandika jibu. Kurasa mbili! Niliandika kwamba mjukuu wake ni mjukuu wetu sote, na kwamba suala lake limepokelewa kwa uzito unaostahili. Ule uzito ungeweza kuvunja mizani ya soko la Kikatiti. Meneja alisoma akafuta macho. "Wewe mtu, utaniua! Gonga muhuri." Kwetu lalamiko likishajibiwa linahamia kwenye faili la Yaliyokwisha. Barua ikaenda, karatasi ikahamia, na fundi hakuitwa. Meneja aliamini nimemwita. Mimi niliamini nimeshafanya kazi, maana niliona nimeandika vizuri sana.

Idi iliyofuata bibi akarudi na mjukuu wake, barua ikiwa kwenye mkoba.

"Nimewasomea majirani wote," aliniambia. "Hoteli gani nyingine inamwandikia bibi kizee kurasa mbili?"

Akakaa barazani, akavua viatu, akalipa bwawa mgongo. Idi ile ya kwanza hakumruhusu yule mtoto aachie hata kona ya kanga yake. Safari hii alimwacha acheze.

Mimi kila hadithi huitia chumvi, ndugu zangu wa Sekei wanajua. Hapa sitii. Mpishi alipita na sinia, akaliona gauni la njano chini ya maji, akaruka na aproni yake. Maji yale yanatoka mlimani, ni baridi hata mchana. Alimtoa mtoto akiwa na midomo ya rangi ya majivu. Akamlaza, akampulizia pumzi, akamkandamiza kifua. Ni muda gani ulipita sijui, na nikitaja dakika nitakuwa naongopa. Mwishowe mtoto akatapika maji, akalia. Sijawahi kusikia kilio kizuri namna ile.

Bibi alitoa barua mkobani, akaiweka juu ya kaunta yangu.

"Chukua insha yako."

Walipokwenda hospitali, fundi aliitwa. Alimaliza kazi kabla chai yake haijapoa.

Meneja akaniambia, "Mwandikie bibi. Kama ile ya kwanza."

Nilikaa na kalamu mpaka saa kumi na moja jioni. Mimi, niliyemlegezesha mwalimu tai! Nilipata sentensi moja tu: *Bibi, nililigusa lile komeo kwa kidole, nikajua halishiki, nikakuandikia barua badala ya kumwita fundi.*

"Hii haigongwi muhuri," alisema meneja.

Niliipeleka Kaloleni bila muhuri. Bibi aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Mtoto alikuwa nyuma yake, ameshika kanga kwa mikono miwili, akinitazama kama mtu anayenifahamu. Bibi akaikunja karatasi mara nne, akafunga mlango.

Nikasikia komeo likiingia mahali pake, kisha mkono wa ndani ukilivuta tena, kuhakikisha. Bado nalisikia.