Siku Niliyoanguka Darasani

Nilipokuwa mtoto huko Bulengera, Butembo, kila mtu alijua kwamba kifafa kinaambukiza kwa povu. Mgonjwa akianguka, hukimbii kumshika. Unasimama mbali mpaka atulie, kisha mtu mzima anamwaga majivu pale alipoangukia. Hakuna aliyetuketisha chini kutufundisha hayo. Tuliwaona wakubwa wakifanya.

Masika alikuwa nasi darasa la tano. Mama yake alikufa vitani upande wa Beni, naye akaletwa kuishi kwa mjomba wake. Alianguka kama mara moja kwa mwezi, kwa hiyo alikaa benchi la nyuma peke yake. Mwalimu wetu, aliyetumwa kutoka Kasai, hakulipenda jambo hilo. Siku moja alimhamishia kwenye benchi langu.

"Kavira, wewe ni wa kwanza darasani. Utamusaidia calcul, hesabu. Na ile mambo ya majivu, kwangu hapana."

Mvulana mmoja, Paluku, akatupa maneno kutoka nyuma: "Kavira, kesho ukuje na majivu yako!"

Nyumbani nilimweleza bibi yangu, ambaye tulimwita Tate. Alikuwa anachagua maharagwe, na hakuinua kichwa.

"Akianguka, utoke pale. Povu yake ikikugusa, na wewe utaanguka. Usiseme Tate hakukuambia."

Nilikaa na Masika miezi miwili. Alikuwa mcheshi kuliko nilivyodhani. Asubuhi akifika alininong'oneza: "Usiogope. Leo sina programme ya kuanguka." Kisha siku moja, katikati ya dictée, imla ya Kifaransa, alianguka akiwa ameshika mkono wa sweta yangu. Povu likanigusa kifundo cha mkono. Nilikwenda kukisugua kwa mchanga mpaka kikachubuka.

Wiki moja baadaye, Jumatatu, nilisimama kusoma kwa sauti, ukurasa ukawa mweusi wote, nikaanguka.

Mwalimu alinibeba hadi barazani, akaninywesha maji. Wenzangu walijazana mlangoni. Akaniuliza polepole, kama mtu anayejua jibu analolitafuta:

"Asubuhi ulikula nini?"

Sikuwa nimekula tangu Jumapili mchana. Mwezi ule Tate alikuwa amewapokea jamaa zetu waliokimbia vita, na sufuria ilipanda jikoni mara moja kwa siku, siku nyingine haikupanda. Lakini nyumba yetu ilikuwa na amri, na nyumba nyingi za kwetu zinayo: mambo ya jiko hayatoki nje. Mtoto anayesema shuleni kwamba amelala njaa amemwaibisha aliyepokea wageni.

"Ugali na majani ya sombe," nikasema.

"Mingi?"

"Mingi, mwalimu."

Kisha akageuka kumtazama Masika, na wengine wote wakamtazama.

Kesho yake wazazi walikuja. Mara ya kwanza walipolalamika, Masika alipohamishiwa kwangu, mwalimu alibishana nao. Safari hii hakubisha. Masika aliambiwa apumzike nyumbani mpaka apone, na mjomba wake alikubali upesi, kwa kuwa shamba la Vuhovi lilihitaji mikono. Kwenye daftari la mahudhurio liliandikwa neno moja: maladie, ugonjwa. Hakuna aliyesema amefukuzwa.

Tate alinichinjia kuku. Majirani walikuja kusikia jinsi alivyonionya. Aliwasimulia, nami nilikaa kando yake nikila paja. Sikuanguka tena, na watu wakasema dawa za majani alizonipa Tate zimefanya kazi.

Sasa kazi yangu ni kuwauliza wazazi wa Butembo na Beni kwa nini watoto wao hawasomi. Wananijibu: vita, ugonjwa, baba alikufa. Ninaandika. Mara nyingi ni kweli. Nikiona mtoto amejibu haraka huku akimtazama mama yake, nafunga daftari na kungoja kidogo. Mara nyingi haisaidii.

Mwaka jana nilimfuata Masika Vuhovi. Nilimkuta akipalilia mihogo, mama wa watoto wanne. Siku hizi anapata vidonge, haanguki. Nilimweleza yote, nimesimama kwenye tuta.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua namna gani?"

"Si tulikaa banc moja? Tumbo yako ililia tangu asubuhi. Hata dada wa banc ya mbele alisikia."

"Na hukusema?"

"Ningemwambia nani, Kavira? Mutoto wa kifafa akisema mwenzake ana njaa, nani atamuamini?" Akanipa jembe lingine. "Shika. Mvua inakuja."

Tulipalilia hadi mwisho wa mstari. Miaka yote nilidhani ukweli ule ulikuwa wangu peke yangu, niutoe au niufiche. Kumbe tulikuwa wawili tulioujua. Mimi waliniuliza, nikadanganya. Yeye hawakumuuliza.