Beki Aliyeogopa Goti la Mwenzake

Jumamosi nilisimama kando ya uwanja wa Kambi Muru, Kibera, nikimtazama mshambuliaji wa timu ya wanawake akirudi mchezoni baada ya upasuaji wa goti. Aliyemuumiza mazoezini ni beki wa timu yake mwenyewe, rafiki yake wa chanda na pete.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alishamkimbiza mshambuliaji na kumrukisha, na goti likakubali. Sasa akamwita beki. "Mnyang'anye mpira."

Mshambuliaji akaja mbio. Beki akampisha kama anayempisha bibi harusi. Wakarudia, akampisha tena.

"Aki siwezi," beki akasema, machozi yakimlengalenga. "Nikimvunja tena je?"

Mtaalamu akacheka. "Kumbe mgonjwa wangu leo ni wewe."

Mshambuliaji akajipiga goti kwa ngumi. "Manze, wacha kunibeba kama yai. Nikabe!"

Safari hii beki aliingia kwa nguvu zote. Vumbi likatimka, wote wawili wakaanguka. Mshambuliaji akainuka kwanza, akamvuta mwenzake mkono, kisha akaukimbilia mpira.

Tumezoea kumpa pole aliyeumia. Kumbe aliyeumiza naye alikuwa akingoja kuruhusiwa kucheza.