Nilivyolinda Mabegi Ufukweni

Magoti yangu yameliwa na cherehani. Nimekanyaga pedeli miaka thelathini na kitu, kwanza Tanga, halafu Alexandra, na sasa hapa Bertrams, Johannesburg hiihii, kwenye chumba ambacho mimi na mke wangu tunalala upande mmoja na kushona upande wa pili. Siku hizi nikitaka kuinuka kitini nashika meza kwanza. Nasema haya mapema mjue kwamba Thailand sikwenda kwa ujana. Nilikwenda nimechoka, nikarudi nimechoka zaidi.

Kilichonipeleka ni bahari. Nilitaka kuingia mpaka kiunoni, maji yenye uvuguvugu kama ya kwetu, nikae humo bila haraka kabla magoti hayajakataa kabisa. Mtaniuliza, Durban si ipo? Ipo. Nimefika mara nyingi, na kila mara ni mzigo: unashuka, unachukua marobota, unapanda basi unarudi. Bahari naionea dirishani. Mke wangu, naye mtu wa Tanga, alikuwa akinitania, mtu wa pwani mzima unaogea beseni miaka yote hii.

Tulikwenda watatu. Mmoja msusi, Mkongomani wa Bukavu, saluni yake imepakana na mlango wangu. Wa pili Mzanzibari, anauza manukato Fordsburg. Huyo ndiye aliyezipata tiketi, za bei ya chini kabisa, zile za kukukalisha kiwanja cha watu siku nzima ukingoja ndege nyingine. Tukakubaliana jambo moja: hatununui kitu. Mara moja maishani tutembee kama watu wanaotembea.

Lakini sisi wa huku, mtu akisafiri hasafiri peke yake. Habari ilipotoka tu, wakaanza kuja. Huyu anataka hariri ya arusi ya binti yake, na kipande cha kufananishia rangi amekuja nacho. Huyu anataka ile dawa ya kupaka mgongo inayowasha. Mke wa mchungaji wa msusi akaagiza nywele. Utamkatalia nani? Mama wa hiyo hariri ndiye aliyembebea mama yangu blanketi na dawa mpaka Tanga, mwaka ule mama anaumwa, akamkabidhi mkononi. Nikapokea kile kipande cha kitambaa, nikakitia mfukoni.

Nchi yenyewe siwezi kuwaeleza sana, maana sikuiona sana. Joto la kule linakulalia begani. Tulifikia nyumba ya wageni ya vijana, vitanda vya ghorofa, na Mzanzibari mwenye tumbo lake akapangiwa cha juu. Chakula, mimi na yeye tulikuwa tunaogopa nguruwe, tukala mayai ya kuchemsha na ndizi siku mbili, mpaka tukamwona mama mmoja kajitanda ushungi anauza wali na kuku. Tulimsalimia kama dada yetu. Msusi alikuwa anakula chochote huku akitucheka. Nimeacha njia ya hadithi. Siku zote zikaishia Bangkok madukani, tunafananisha rangi ya hariri duka kwa duka, na ilipobaki siku moja ndipo nikawaambia wenzangu, jamani, na bahari yangu?

Tukapanda gari dogo la abiria alfajiri, pamoja na mabegi yote, maana hakuna kati yetu aliyekubali kuyaacha pale kwa wageni. Saa tatu asubuhi tukashushwa ufukweni. Dereva akatuonyesha kwenye saa yake: saa sita kamili anarudi Bangkok, na lazima tuwemo kwa ajili ya ndege.

Bahari ilikuwa palepale, hatua arobaini. Tukayapanga mabegi chini ya mwavuli wa mama anayeuza supu ya tambi, na kama watu wa Johannesburg tukapangiana zamu. Msusi anajua ziwa tu, chumvi anaiogopa, ikabidi Mzanzibari aende kumshika mkono. Nikawaambia tangulieni, mimi nalinda. Ilikuwa adabu tu. Nikauzungushia mguu wangu mkanda wa begi la hariri, nikakaa.

Wakasahau. Siwalaumu, hata mimi ningesahau. Waliporudi ilibaki robo saa, wanatiririka maji na kucheka kama watoto. Wakaniambia nenda upesi, wao wanajimwagia maji baridi bombani kule nyuma ya vibanda.

"Na mabegi?" nikauliza.

"Mzee, weye unaogopa nini?" msusi akasema. "Huku haiko mwizi. Mama yuko hapa."

Wakaenda zao. Yule mama alielewa bila lugha. Akapigapiga begi kwa kiganja, akanionyesha bahari kwa kidevu. Kopo lake la chenji lilikuwa wazi juu ya meza, na muda mfupi uliopita alikuwa ameliacha hivyohivyo akaenda kuchukua barafu. Nililiona. Ushahidi wote ninao.

Nikaufungua mkanda mguuni, nikatembea hatua kumi, nikageuka. Nikarudi. Nikaenda tena, safari hii mpaka kwenye mchanga mbichi, nikageuka tena.

Mwaka ule wenyeji walipotufukuza sisi wageni Alexandra, cherehani zangu mbili na robota la vitambaa nilimwachia jirani niliyemwamini, nikakimbia kumtafuta mke wangu kituo cha polisi. Niliporudi hapakuwa na cherehani, wala jirani. Pengine naye alikimbia, sijui. Tangu siku hiyo mimi siachi begi. Hata msikitini naliweka mbele yangu, nasujudu karibu nalo. Na ndani ya hili kulikuwa na hariri ya mama aliyemwona mama yangu akiwa hai kwa mara ya mwisho.

Nikarudi, nikakaa. Dereva akapiga honi.

Sasa hili sijapata kulisema. Nilichukua chupa ya maji ya kunywa nikajimwagia kichwani na kwenye suruali, mpaka magotini. Wenzangu walipotoka bombani, Mzanzibari akanitazama.

"Umewahi?"

"Nimewahi. Maji vuguvugu."

Akafurahi kweli, akanishika bega. Nikakaa ndani ya gari lile lenye kiyoyozi mpaka Bangkok, nimelowa, natetemeka, na begi miguuni.

Hariri ilipendwa. Mpaka leo Fordsburg, tukikaa kwenye chai, wao husimulia jinsi wazee watatu tulivyooga bahari ya Thailand, na mimi naitikia kwa kichwa.

Ila mke wangu ndiye aliyefua ile suruali. Aliikunjua, akaipapasa pindo, akailamba kwa ncha ya ulimi kama mama zetu walivyokuwa wakifanya kutujua watoto tuliotoroka kuoga baharini. Akaniangalia.

"Hii haina chumvi."

Nikaendelea kupitisha uzi kwenye sindano. Akaitia kwenye beseni, akaanza kuifikicha polepole, na baada ya muda akasema bila kunigeukia kwamba basi la Durban linaondoka kila asubuhi, na watu wawili wasio na mzigo wanaweza kulipanda.

Nikamwambia nimalize kwanza hizi sare za shule. Sare nimezimaliza, zimekuja mapazia. Naye hajaniuliza tena, ila begi kaliweka juu ya kabati, tupu.