Pakiti ya Chumvi Katikati ya Mshale

Nilianza kujifunza upinde nikiwa mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi, na jambo hilo lilimchekesha sana baba. Ilikuwa miaka ya sabini, nyumbani kwetu karibu na Mukuyuni. Nilitaka kitu kimoja tu: upinde wake. Alisema nitaupata siku nitakapopiga gunia la nyasi mara tatu mfululizo mbele yake.

Nilitumia upinde huohuo na mishale yake mipya. Yote ilikwenda kulia.

"Mwalimu, gunia iko hapa," baba alisema. "Hiyo ni choo."

Mimi ni mtu wa kununa. Jumamosi moja alipokwenda sokoni, nilimwaga podo lake la mishale uani. Nililaza kila mshale juu ya matofali mawili, nikaning'iniza pakiti ya chumvi katikati kwa uzi wa katani, nikapima kwa rula umeshuka kiasi gani. Yote ilikuwa na alama ya baba, mikato mitatu karibu na manyoya. Ya zamani, iliyoingia weusi wa moshi, haikushuka hata nusu inchi. Ile ya mwaka huo ilipinda inchi nzima.

Kwanza nilifurahi, maana kosa halikuwa langu. Mshale laini ukisukumwa na upinde mgumu lazima upotee njia. Kisha nikajiuliza mbona yeye hakosi. Nikakumbuka anavyovuta siku hizi: uzi wa upinde unaishia kifuani, haufiki sikioni tena. Kila mwaka alikuwa amechonga mishale laini zaidi ili ilingane na mikono yake inayopungua nguvu, na hakumwambia mtu. Nilihuzunika. Nikairudisha podoni jinsi ilivyokuwa.

Nilichonga mitatu migumu, na wiki iliyofuata yote mitatu ikaingia guniani. Baba aliuchomoa mmoja, akaupinda kwa vidole gumba.

"Umepima mishale yangu."

"Ndiyo, baba."

Alinikabidhi upinde palepale, akaenda kukaa kwenye kigoda, mikono mitupu. Sikujua ningeona uchungu hivyo kupewa nilichoomba.

Nilimtafuta Malili, fundi wa pinde, nikarudi na upinde mwepesi, nikauegemeza mlangoni pa baba. Asubuhi nilimkuta uani akiuvuta hadi sikioni. Mshale wake laini ulipiga katikati.

"Mwalimu," akaniita bila kugeuka, "gunia iko hapa."